Lupasi: Dalili Zake Zisipuuzwe

Miongoni mwa mambo ambayo wananchi wa Unguja na Pemba wana haki ya kujivunia ni vita vyao dhidi ya malaria. Mwaka 2003 Visiwa vyetu viliachana na klorokwini na kuanza kutumia dawa mseto. Vyandarua viligawiwa, nyumba zikapigwa dawa, na kuanzia 2008 uchunguzi wa majumbani ukawa unaonyesha kwamba wenye vimelea vya malaria hawafiki hata mtu mmoja katika kila mia. Maradhi hayo hayajatoweka, na kila mwenye homa bado anapaswa kupimwa. Lakini ushindi huo umeleta wajibu mpya ambao, kwa maoni yetu, haujatiliwa maanani ipasavyo. Zamani kila homa ilihesabiwa kuwa malaria. Siku hizi mgonjwa hupimwa, huambiwa hana malaria, hupewa vidonge vya kutuliza homa na kurudi nyumbani. Homa ikimrudia baada ya wiki tatu hupimwa tena, na huambiwa tena kwamba hana. Mara nyingi swali linalofuata haliulizwi: basi ana nini?

Majibu ya swali hilo ni mengi, na mengi kati yake ni mepesi. Leo tunapenda kuzungumzia jibu moja zito ambalo hutajwa kwa nadra, nalo ni maradhi ya lupasi. Katika kila wagonjwa 10 wa maradhi haya, 9 ni wanawake, na walio wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 45, yaani katika umri wa kusoma, kuolewa, kuzaa na kutafuta riziki. Aidha imethibitika huko Marekani na Uingereza kwamba wanawake wenye asili ya Afrika huugua zaidi kuliko wenzao weupe, na figo zao hushambuliwa mapema na kwa ukali zaidi.

Lupasi si maradhi ya kuambukiza. Mtu hayapati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye, wala kwa kumuuguza. Si saratani, wala si ukimwi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu vinavyotoka nje, hupotea njia ikaugeukia mwili wenyewe, mfano wa mlinzi wa usiku anayempiga rungu mwenye nyumba. Kwa kuwa kinga hiyo husafiri na damu, hapana kiungo kilicho salama nayo: ngozi, maungio ya mifupa, figo, mapafu, moyo, hata ubongo. Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni mbwa mwitu, kwani waganga wa kale wa Ulaya waliona vidonda vya usoni vya wagonjwa wao vimefanana na alama za kuumwa na mnyama huyo. Ilikuwa mwaka 1872 ambapo daktari Moriz Kaposi wa Vienna alieleza wazi kwamba maradhi hayaishii kwenye ngozi, bali huweza kuingia mwilini na kuua.

Ugumu wa kuyatambua unatokana na tabia yake ya kujigawa. Hayaji kwa dalili moja, wala dalili zote haziji siku moja. Mchukulie mwanamke wa miaka 26 anayelima mwani katika pwani ya kusini mwa Unguja. Mwezi huu vidole vinamuuma, naye anasema ni kazi. Miezi miwili baadaye uso unamtoka mabaka. Jirani anamwambia ni krimu alizopaka. Kisha nywele zinakatika, naye anabadilisha mafuta. Kisha anapata vidonda kinywani, anakwenda kwa daktari wa meno. Mwaka unapita, miguu inavimba, na hapo ndipo anapopelekwa hospitali. Katika mwaka huo wote ameonana na watu watano au sita waliotaka kumsaidia kwa dhati, na kila mmoja ameona kipande chake. Hapana aliyeviweka vipande hivyo juu ya meza moja. Kwa hiyo tunapowaomba wananchi wazijue dalili za lupasi, hatuwaombi kila mwenye chunusi aingiwe na khofu. Tunaomba dalili ziunganishwe.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo inayoonekana. Alama iliyo mashuhuri ni upele au wekundu unaotanda juu ya mashavu mawili na kupita juu ya pua, kwa umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa. Mara nyingi hauingii katika mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa midomo, na jambo hilo humsaidia daktari kuutofautisha na upele mwengine. Hata hivyo vitabu vingi vya utabibu vimeonyesha alama hiyo kwa picha za watu weupe, na tunaliona hilo kuwa kasoro kubwa kwa wanafunzi wetu wa uuguzi. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huweza usionekane kabisa. Panaweza kuonekana weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au kivimbe kidogo ambacho mgonjwa hukihisi kwa moto wake kabla wengine hawajakiona. Isitoshe, wagonjwa wengi hawapati kipepeo huyo hata mara moja.

Aina nyengine ni mabaka ya mviringo yenye magamba, ambayo hutokea usoni, masikioni au kichwani. Yakipona huacha makovu, katikati peupe na pembeni peusi, na pale yalipokuwa kichwani nywele haziti tena. Mwanamuziki Seal wa Uingereza, ambaye makovu ya uso wake yamejulikana dunia nzima, aliyapata kwa lupasi ya ngozi alipokuwa kijana. Naye ni ushahidi kwamba wanaume nao hawakusamehewa. Hapa kwetu mabaka ya namna hiyo yamkini yakadhaniwa kuwa ukoma, au choa, au athari ya kujichubua. Tunawaonya dada zetu khasa kuhusu krimu kali zinazouzwa madukani bila ya cheti cha daktari. Baadhi yake zina dawa ambayo hufifiza upele kwa wiki chache tu, na hivyo kuufuta ushahidi ambao daktari angeuhitaji.

Jua ni adui wa wagonjwa wengi wa lupasi. Mtu akiona kwamba kila akishinda juani upele unamzidi, au anapata homa na uchovu siku ya pili yake, asilichukulie jambo hilo kuwa ni udhaifu wa kawaida. Kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake, hufanywa maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kwa saa nyingi, bila ya kivuli, na bahari yenyewe huurudisha mwanga usoni. Hatusemi kwamba mwani huleta lupasi. Tunasema kwamba mwenye lupasi asiyejijua, akiwa katika kazi ile, anakaa mbele ya moto kila siku.

Maumivu ya viungo nayo yana namna yake. Mtu aliyechoka kwa kazi huumwa jioni, na akilala huamka na nafuu. Mwenye lupasi huamka asubuhi vidole vimekakamaa, hawezi kufunga ngumi wala kukamua nguo, na hali hiyo huchukua muda kabla ya kulegea. Huumwa mikono yote miwili, na mara nyingi ni katika vidole, viwiko vya mikono na magoti. Wazee wetu huita maumivu yote ya namna hii baridi yabisi na kuyahesabu kuwa ni sehemu ya uzee. Lakini baridi yabisi kwa msichana wa miaka 19 si uzee, na inataka kuulizwa imetoka wapi.

Pamoja na hayo huja uchovu ambao usingizi hauuondoi, homa ndogo za mara kwa mara, kupungua uzito, na upungufu wa damu usiokubali vidonge vya madini ya chuma. Vidonda vya kinywani, khasa vile vya kwenye kaakaa, mara nyingi haviumi, na mgonjwa huenda asijue kuwa anavyo mpaka aambiwe afumbue kinywa. Wengine huchomwa na kifua kila wakivuta pumzi, kwa sababu utando unaozunguka mapafu au moyo umepata uvimbe. Hao hutiliwa shaka ya kifua kikuu, na ni haki wapimwe. Lakini makohozi yakipimwa mara kadhaa na yasionyeshe kitu, na dawa za kifua kikuu zisilete nafuu, fikra zitanuliwe. Wako pia ambao wakishika barafu vidole vyao hugeuka vyeupe, kisha vya buluu.

Sasa tunafika kwenye figo, na hapa tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwa sababu ndipo roho za watu zinapopotea. Lupasi inaposhambulia figo haitoi maumivu. Mtu anaweza kuwa anakwenda sokoni, anapika, anasomesha watoto, na huku figo zake zinachujuka siku hadi siku. Dalili zinazoonekana kwa macho ni chache: mkojo unaotoa povu kila siku kama maji ya sabuni na povu lisiondoke upesi, kuvimba nyayo jioni, kuvimba kope asubuhi, na presha kupanda kwa mtu ambaye umri wake si wa kuwa na presha. Dalili hizo zikifika, madhara yameshaanza zamani. Figo zikifa, mgonjwa hubaki na njia mbili: mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki maisha yake yote, au kupandikizwa figo ya mtu mwengine. Vijana wetu wengi wanamjua mwimbaji Selena Gomez wa Marekani; mwaka 2017 alitangaza kwamba lupasi ilimfikisha hapo, na kwamba rafiki yake ndiye aliyemtolea figo. Mtoto wa mkulima wa karafuu hana wasaa wa namna hiyo.

Na kumbe hatari hii hugunduliwa kwa kijiti cha karatasi. Kijiti kile kile ambacho wauguzi hutumbukiza katika mkojo wa mama mjamzito ili kuangalia protini, ndicho kinachoweza kuonyesha kwamba figo za mwenye lupasi zimeguswa, kabla hajavimba na kabla hajajua. Hakihitaji umeme wala daktari bingwa, na majibu yake hutoka katika dakika moja au mbili. Kwa nini basi mwanamke apimwe mkojo akiwa na mimba, na asipimwe anapokuja kituoni kwa mara ya tatu na homa, viungo vinavyouma na mabaka usoni? Hatuoni sababu ya maana.

Upande mwengine unaohitaji busara ni ule wa akili. Lupasi ikifika katika ubongo huweza kumletea mtu kifafa ambacho hakuwa nacho, au kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo na kusema maneno yasiyoeleweka. Jamaa wa mgonjwa kama huyo hapa Visiwani humkimbilia fundi ili apungwe, au shehe ili amsomee na kumpa kombe. Sisi hatudharau dua, wala hatuoni kwamba mtu alazimishwe kuchagua kati ya dua na hospitali. Tunachowaomba mashehe na mafundi wetu, ambao wanaaminiwa na wananchi kuliko wanavyoaminiwa watu wa gazeti, ni kwamba wakimwona kijana ambaye kabla ya kupandisha alikuwa na homa za muda mrefu, nywele zimekatika na viungo vimevimba, wawaambie jamaa zake wampeleke hospitali siku ile ile.

Tusisahau wake zetu wanaopoteza mimba. Baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili zinazofanya damu igande upesi; hao huweza kupoteza mimba moja baada ya nyengine, au kupata damu iliyoganda mguuni wangali wadogo. Kingamwili hizo hizo hukidanganya kipimo cha kaswende cha aina ya VDRL, kikatoa jibu la kuwa mtu anayo ilhali hajapata kuwa nayo. Tunaomba wahudumu wa afya walizingatie sana jambo hili. Jibu kama hilo lisithibitishwe kwa kipimo cha aina ya pili kabla ya mtu kuambiwa, laweza kuvunja ndoa ya mwanamke asiye na kosa, na juu ya talaka akabaki na maradhi yake yale yale ambayo hayajatambuliwa.

Tunajua kwamba wako maofisa watakaosema kuwa lupasi ni maradhi ya nchi za baridi na kwamba sisi tuna mengi ya kushughulikia. Fikra hiyo ina historia. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba maradhi ya aina hii yalionekana kwa nadra sana huko, naye akauliza kama malaria ya mara kwa mara huifanya kinga ya mwili isigeukie mwili. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wenye maradhi yanayofanana na lupasi hupata nafuu wakitiwa vimelea vya malaria. Ni utafiti wa kuheshimiwa, ingawa panya si mtu. Lakini tunalazimika kusema mawili. La kwanza, tangu madaktari bingwa wa maradhi haya walipofungua kliniki zao katika miji kama Lagos, Dakar na Nairobi, wagonjwa wameonekana, na si wachache. Nadra nyengine ni ya darubini wala si ya maradhi. La pili, kama fikra ile ina ukweli, basi visiwa ambavyo vimeipunguza malaria kama vyetu ndivyo vinavyopaswa kuwa macho zaidi.

Hali si ya kukatisha tamaa. Katika miaka ya 1950, nusu ya wagonjwa walikuwa hawamalizi miaka mitano tangu kugunduliwa. Siku hizi, panapokuwa na matibabu, zaidi ya 9 katika 10 huivuka miaka hiyo, na wengi huishi, hufanya kazi na kuzaa. Lupasi haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini ina dawa ya kuituliza, na iliyo ya msingi kuliko zote ni ndugu wa ile klorokwini ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa mwasho wake. Inaitwa haidroksiklorokwini. Hutumiwa kila siku, haizuiwi kwa mama mjamzito mwenye lupasi, bali hushauriwa asiiache, na sharti lake kubwa ni macho kukaguliwa inapoanzwa na kila baada ya muda, kwani ikitumiwa miaka mingi huweza kudhuru jicho. Maradhi yakipanda huongezwa prednisoloni na dawa nyengine kali, ambazo hutolewa na daktari tu na haziachwi ghafla. Vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki, ambavyo hununuliwa dukani kama peremende, vinaweza kuzidhuru zaidi figo zilizokwisha guswa.

Kuna tukio moja ambalo Serikali ingefaa kulizingatia. Mwezi Machi 2020 ulivuma uvumi duniani kwamba haidroksiklorokwini hutibu Covid-19. Watu waliikimbilia, na katika nchi nyingi wagonjwa wa lupasi walikwenda maduka ya dawa wakakuta rafu tupu. Kufikia Juni mwaka huo Marekani ilikuwa imekwisha iondolea dawa hiyo ruhusa ya dharura iliyoipa kwa ajili ya Covid-19, lakini waliokosa dozi zao hawakurudishiwa miezi yao.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Wizara ya Afya mambo ambayo hayahitaji jengo jipya. Kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, kiwe na vijiti vya kupimia mkojo kwa ajili ya kila mgonjwa anayevihitaji, si kwa wajawazito peke yao. Mwanamke kijana mwenye dalili mbili au tatu kati ya tulizozieleza apimwe mkojo, presha na damu siku ile ile, na majibu yaandikwe katika cheti kimoja ambacho atakwenda nacho popote, ili daktari wa ngozi ajue alichokiona daktari wa meno. Akihitaji kipimo cha kingamwili kiitwacho ANA, damu ndiyo isafirishwe badala ya mtu. Na anayesoma jibu akumbuke kwamba karibu kila mwenye lupasi hukutwa na kingamwili hizo, lakini hata baadhi ya watu wazima wa afya hukutwa nazo, kwa hiyo kipimo peke yake si hukumu.

Ama waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, watakapokaa kuipitia bajeti ya afya, waulize kuhusu dawa hii kwa jina lake. Iwapo imo katika orodha ya dawa za hospitali zetu, waulize imebaki kiasi gani rafuni. Iwapo haimo, waulize ni nani aliyeamua hivyo. Na akiba yake isiwekwe mjini Unguja peke yake. Wakati wa kusi bahari huchafuka na vyombo huahirisha safari, na mgonjwa wa Wete au Mkoani hawezi kuyaambia maradhi yake yamsubiri mpaka upepo utulie.